Siku kumi Kadutu

Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Tuliambiwa tuwe bandarini Goma saa kumi na mbili asubuhi. Boti ikang'oa nanga saa tatu. Aliyezoea Ziwa Kivu anajua masaa hayo matatu yanakokwenda. Magunia ya viazi na vitunguu yanapakiwa, godoro la mtu, kuku wa mtu, halafu kuna karatasi moja inayotafutwa na watu wanne, na mwishowe inapatikana mfukoni mwa yule wa kwanza.

Tuko kumi na wawili, wasichana saba na wavulana watano, wengi bado wanafunzi. Mimi ndiye mkubwa wao, kwa hiyo mimi ndiye ninayeshika tiketi, dawa za tumbo na lawama. Mwaka jana vijana wa Kadutu, mtaa wa mlimani mjini Bukavu, walikuja kwetu wakakaa siku kumi wakisaidia kambini upande wa Bulengo. Mwaka huu ni zamu yetu kwenda kwao. Mpango ni rahisi kuusema: asubuhi kazi ya mikono, alasiri kujifunza au kufundisha, usiku kila mmoja analala katika familia iliyompokea, anakula wanachokula. Hakuna mshahara na hakuna transport, ile pesa ndogo ya kuhudhuria. Neno hilo la mwisho mlishike, litarudi.

Safari hii abiria wote walivaa jile, lile koti la kuelea majini. Zamani ukiivaa ulionekana mgeni wa ziwa, watu wakakucheka. Lakini ni wiki tatu tu tangu tarehe 3 Oktoba, siku ambayo mashua iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, bandari ndogo ya Goma, watu wakiiona kwa macho yao kutoka ufukweni. Leo hakuna aliyecheka. Mama mmoja alilivalisha jile hata furushi lake la vitenge, ati likianguka lielee, na tukaona ana hoja.

Kabla ya kupanda tulinawa mikono kwa maji ya klorini kwa sababu ya mpox, ule ugonjwa wa vipele unaoambukiza kwa kugusana. Hakuna kupeana mikono, tunasalimiana kwa viwiko. Wasichana wangu wamegeuza hiyo kuwa dansi.

Idjwi ilikaa kushoto kwetu muda mrefu sana, kama kawaida yake. Kisiwa hicho unakipita mpaka unachoka kukitazama. Kulia ilikuwa milima ya Kalehe. Tulipokaribia upande wa Bushushu na Nyamukubi, boti nzima ilipunguza sauti bila kuambiwa. Hapo tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishusha matope na mawe juu ya watu siku ya soko. Waliokufa walipita 400. Mvulana mdogo kuliko wote katika kundi letu, ambaye amekulia juu ya mawe ya volkano na hajui mlima wa udongo, aliniuliza: "Yaya," yaani dada mkubwa, "mlima unaangukaje?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia angoje, huko tuendako kuna watu watakaomweleza.

Bukavu ilitokea saa tisa, na zile rasi zake zimeingia majini kama vidole vya mkono. Chini kuna majumba na bustani zinazogusa ziwa. Juu, mlimani, ni Kadutu: mbao, mabati, mbao, mabati, nyumba imekanyaga bega la nyumba nyingine.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimepokelewa na mama mjane anayeuza makala, yaani mkaa. Kila mtu kwenye avenyu anamwita Mama Daftari, na kabla sijamaliza chai nilijua kwa nini. Ana daftari la kurasa nyingi, limefungwa kwa plastiki na mpira wa bomba la baiskeli. Mbele limeandikwa likirimba, mchango wa pesa wa kupokezana: nani ametoa, nani amepokea, zamu ya nani wiki ijayo. Nyuma, ukiligeuza kichwa chini, limeandikwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa: nani alikuja Jumamosi, nani hakuja, nani alichelewa na amandi yake, yaani faini.

"Salongo na likirimba katika daftari moja?" niliuliza.

"Mtu ni yeye yule," alisema.

Alinipeleka kuona kazi. Ni mfereji, ambao hapa wanauita kanivo, unaopokea maji ya avenyu tatu za juu. Umejaa chupa, pampersi, matambara na udongo mwekundu mpaka hauonekani kama mfereji tena. Maji yakikosa njia yanatafuta nyingine, na hiyo nyingine inapita chini ya msingi wa nyumba nne. Pembeni kuna ukingo wa udongo umekatika wima kama mkate, urefu wa mtu na nusu. Juu ya ukingo huo kuna choo cha jirani, na mbele ya choo kuna mti mmoja wa parachichi ambao naamini ndio pekee unaoshika kila kitu.

Shefu wa avenyu alikuja akatusalimu kwa heshima, akasema kesho Jumamosi ni salongo na tutaona watu. Aliongeza kwamba habari zetu zimeshafika mbali. Nilifurahi. Sikujua alikuwa ananionya.

Jumamosi, 26 Oktoba

Saa moja kamili kulikuwa na watu kama tisini. Nimefanya kazi ya kujitolea tangu nikiwa na miaka kumi na sita na sijawahi kuona watu tisini saa moja kamili. Wasichana walianza kupiga picha. Kisha kijana mmoja mwenye kofia akanifuata kwa adabu yote: "Yaya, banaandikia wapi majina?"

"Majina ya nini?"

"Ya liste."

Mwingine akauliza fulana ziko wapi. Mama mmoja akataka kujua kama ni pesa mkononi au kwa simu. Hapo nikaelewa: kumesemwa kwamba kuna shirika limetoka Goma, na shirika likitoka mahali huja na liste, na liste huja na transport. Shefu alipanda juu ya jiwe akasema wazi kwamba hawa ni watoto wenzenu, wamekuja na mikono tu. Kundi liliyeyuka bila kelele, bila tusi, kama watu wanaotoka kanisani. Baada ya dakika kumi tulibaki sisi kumi na wawili na wengine kumi na tisa, wengi wao mama wa likirimba.

Kijana mwenye kofia hakuondoka mara moja. Alisimama akaniambia jambo ambalo nimelala nalo: "Mimi nimetoka nyumbani bila chai. Nikichimba hapa mpaka saa nne, hiyo saa nne nitakuwa nimekosa mizigo ya sokoni. Wewe ukirudi, kuna mama amekupikia. Nani ananijitolea mimi?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa namjua. Huyo kijana ni mimi. Tangu 1994, wimbi la wakimbizi lilipotuingilia na mashirika yakaja nyuma yao, sisi watoto wa Goma na Bukavu tumekua tukijua kwamba mkutano una bei. Ukikaa kusikiliza habari za maji safi unapewa transport. Ukikaa siku mbili unapewa na chai na mkate wenye nyama. Mimi mwenyewe nimehudhuria semina tatu za mada ileile, katika kumbi tatu, nikijibu maswali vizuri kwa kuwa majibu nilishayajua, na pesa zile zililipa minerval, karo ya shule, ya mdogo wangu. Kila tarehe 5 Desemba, siku ya watu wa kujitolea ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha 1985, tunaikumbuka kwa fulana. Nina fulana nne. Kwa hiyo sitamhukumu mtu wa kofia. Ila nasema pia kwamba mfereji wa mtu, unaopita chini ya nyumba yake, akingoja alipwe ndipo auzibue, basi kuna mahali tuliharibu, na walioharibu ni wengi, pamoja na waliolipa.

Tulifanya kazi. Tulitoa taka mita kumi na tano hivi, kisha tukaanza ukuta wa mifuko pale ukingo ulipokatika. Fundi wa avenyu, mzee anayejua kazi hiyo, alikuwa na harusi ya mpwa wake. Wavulana wangu wakasema hakuna haja ya kumngoja, mfuko ni mfuko. Tuliichukua mifuko ya unga, tukaijaza udongo mpaka kooni, tukaishona, tukaipanga wima, ikapendeza sana. Mita tatu za ukuta. Tukapiga picha ya pamoja mbele yake.

Mama Daftari aliutazama, akaniuliza swali moja tu: "Ukuta hii inapumulia wapi?" Nilidhani ni mzaha wa watu wazima.

Jumapili, 27 Oktoba

Misa, bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Mikono yote ina malengelenge. Hakuna aliyetaka kutembea isipokuwa kushuka, na hapa ukishuka lazima upande.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua ilianza saa nane mchana. Mvua ya Bukavu haina utangulizi. Unaona ziwa linabadilika rangi, unasikia mabati ya chini yanapigwa, kisha yako. Tulikuwa tumejikinga kwenye baraza la mama makala, ukuta wetu ukionekana vizuri kutoka hapo, na nakiri tulikaa tukiutazama kwa fahari. Maji yalipita katika ile sehemu tuliyozibua, tukashangilia.

Kisha ukuta ukaota tumbo.

Sijui niseme vipi. Haukuanguka ghafla. Mifuko ya katikati ilianza kutoka mbele taratibu, kama mtu anayevuta pumzi ndani na kuishikilia. Mmoja ukapasuka mshono, udongo mwekundu ukamwagika kama uji. Halafu yote ikaja pamoja, na nyuma yake kipande cha ukingo, na juu ya ukingo mlango na ubao mmoja wa choo cha jirani. Mti wa parachichi ulibaki. Hakuna aliyeumia, kwa sababu ya mvua tu: kwenye jua watoto hucheza palepale.

Mwenye choo alitoka na mwavuli, akakitazama choo, akatutazama sisi. Hakupiga kelele. Alisema: "Kabla hamjakuja kilikuwa kinasimama." Hiyo ndiyo tathmini fupi kuliko zote nilizowahi kupewa, na nimeshajaza fomu nyingi za tathmini.

Fundi alikuja jioni, suruali imekunjwa, bado na harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi, ya harusi. Alimwita yule mvulana wetu mdogo aliyeuliza mlima unaangukaje, akamwambia ashike mfuko mmoja uliolowa. Mvulana alishindwa kuuinua.

"Jumamosi uliuinua peke yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo ni maji. Mlima nao ni hivyo. Unakunywa, unakuwa mzito, na ndani kuna mahali penye utelezi. Mlima hauanguki, mwanangu. Unateleza."

Kisha akatufundisha sote, kwenye giza, kwa taa ya simu. Mfuko usijazwe mpaka kooni. Ujazwe robo tatu, mdomo ukunjwe chini, ulazwe, upigwe ubao mpaka utulie kama mto wa kitanda. Usimame wima kwa nini, kwani ni askari? Ulale, kichwa kikiingia mlimani. Safu ya pili ikalie viungo vya ya kwanza kama matofali. Ukuta wote uegemee nyuma, usisimame sawasawa, maana kinachosimama sawasawa tayari kimeanza kuanguka. Na nyuma ya mifuko kuwe na mawe madogo, na kila baada ya hatua moja kipande cha bomba kitokeze mbele ili maji yapate njia ya kutoka. Hapo nikamkumbuka Mama Daftari na swali lake. Ukuta unapumulia wapi.

Usiku kulikuwa na kikao kwa mwenye choo. Tulikubaliana: choo kinatengenezwa kwanza, ukuta baadaye, mbao zitanunuliwa kwa pesa zetu za akiba. Mmoja wa wasichana alilia. Nilimwacha alie.

Jumanne, 29 Oktoba

Kundi liligawanyika. Saba kwenye choo na fundi. Wengine tulienda na mareko, ndivyo tunavyowaita wale watu wa kujitolea wa afya, waliochaguliwa na majirani ili wazungukie nyumba kwa niaba ya kituo cha afya. Reko wetu ni mama wa miaka hamsini hivi, buti za mpira, mkoba wenye kitabu cha picha na rejista. Hapati mshahara, kampeni ikija ya chanjo au vyandarua anapata kitu kidogo, ikiisha anaendelea vilevile.

Mwaka huu kazi yake kubwa ni mpox. Ugonjwa umewaka sana mkoani huku Kivu Kusini, kuanzia Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni dharura ya kimataifa. Chanjo ilianza Goma tarehe 5 mwezi huu. Watu wanauliza chanjo, naye hana chanjo mkobani. Ana maneno na macho.

Tulipita nyumba ishirini na mbili. Nilitaka kuandika mbinu zake na sikuweza, maana hazionekani. Haingii akisema "nimekuja kwa ajili ya mpox". Anaingia akiuliza bei ya maharagwe. Anakaa. Anakubali maji, hanywi. Anamwita mtoto aje amsalimie, na mtoto akija na kiwiko, tayari ameshaona mikono, shingo na uso wa mtoto. Kwenye nyumba ya kumi na tatu mtoto alikuwa na vipele tumboni. Mama yake alisema ni joto. Reko alikubali, ni joto, hata wa kwake walikuwa hivyo. Ila kwa kuwa kituo ni njiani, twende wote, mimi nitakubebea ndoo. Na kweli aliibeba ndoo. Ilikuwa upele wa kawaida. Alirudi nyumba ya kumi na nne akiuliza bei ya maharagwe.

Nilimuuliza kama hachoki bila malipo. Aliniambia anachoka, na kwamba anayemuuliza hivyo kila mara huwa amevaa beji. Nikaivua yangu.

Leo pia ni miaka 28 tangu Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa auawe hapa Bukavu, 1996. Mama Daftari alishuka katedrali na kitambaa chake kizuri, akarudi na matope mpaka magotini, hakusema chochote, akasonga ugali.

Jumatano, 30 Oktoba

Alasiri nilikuwa na darasa la kusoma kwa wamama, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Kumi na wanne, wawili na watoto mgongoni. Mimi ni mwalimu kwa kusomea, nilikuja nimejiandaa: nimechora ubaoni ba be bi bo bu, kila silabi na picha yake. Nilianza kwa sauti nzuri.

Mama mmoja, muuza sambaza, alinyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo ba be bi watoto wangu banaijua. Mimi nataka kujua hii." Akatoa simu ya vibonye, akanipa.

Ulikuwa ujumbe wa pesa. Alinieleza kwamba mwezi uliopita mteja alichukua sambaza wa beseni nzima, akasema ametuma pesa, simu ikalia, akamwonyesha: huu hapa ujumbe. Yeye akaona tarakimu, akaamini. Jioni alipokwenda kutoa pesa hazikuwepo. Ule ujumbe aliutuma yule mtu mwenyewe kutoka namba yake. Na sambaza si samaki wa kungoja. Ukivuliwa usiku na zile mashua zenye taa, asubuhi uuzwe, mchana ni hasara.

Nilifuta ubao. Ujumbe wa pesa huku kwetu huja kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wao hawaisemi. Kwa hiyo haina maana kuwafundisha kusoma yote. Tulichukua maneno matatu kama mtu anavyojifunza nyuso za watu. "Reçu", umepokea: lina kamkia kadogo chini ya herufi ya tatu, huwezi kuikosa. "Retrait", umetoa. "Solde", kilichobaki. Tukaongeza sheria moja: kabla ya kutazama kiasi, tazama nani ametuma. Kama juu kuna namba ya mtu badala ya jina la huduma, huo si ujumbe wa pesa, ni barua ya mwizi. Na mwisho, usimpe mtu bidhaa mpaka umeuliza salio lako mwenyewe.

Tulikaa masaa mawili juu ya maneno matatu. Wakaandika kwa chaki, kwa vijiti kwenye vumbi, mmoja kwa kidole kwenye unga aliokuwa amebeba. Muuza sambaza aliandika "reçu" mara nyingi sana, na kila mara ile mkia ilitoka ndefu kuliko neno lenyewe. Akaniambia: "Hii kamkia ndiyo pesa yangu."

Silabi tulizifikia mwishoni, walipotaka wenyewe kujua "re" inaanziaje. Ningekuwa na jeuri ya kumalizia somo langu la kwanza, ningefundisha vizuri sana kitu ambacho hakuna aliyekiuliza.

Alhamisi 31 Oktoba na Ijumaa 1 Novemba

Choo kimesimama. Kina mlango bora kuliko wa chumba changu Goma.

Ukuta tunaujenga upya polepole, mifuko imelala, mabomba yanatokeza. Fundi hapigi kelele. Mtu akikosea anauondoa mfuko wake bila neno na kuuweka mikononi mwake tena. Kijana mwenye kofia alipita Alhamisi, akasimama, akapita. Ijumaa alipita tena baada ya mizigo yake, saa tisa, akasaidia saa moja. Wamama wa likirimba wamekubaliana jambo bila kutuuliza: salongo ya kesho ina sufuria. Kila anayetoa zamu ya likirimba ametoa pia bakuli moja la maharagwe. Si transport, ni chai ya yule aliyetoka nyumbani bila chai. Sijui nani aliwaambia maneno yake. Mimi sikumwambia mtu.

Ijumaa alasiri tulishuka mpaka ziwani kuona chupa zetu zinakoishia. Taka za Kadutu zinaingia mto Kawa, Kawa inaingia ziwani, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Ruzizi. Hapo ndipo lipo bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kila msimu wa mvua plastiki hujikusanya mbele yake mpaka mitambo inasongwa na umeme unapungua. Wavulana walikaa kimya wakitazama kisiwa kizima cha chupa kikielea ukingoni, ndege wamesimama juu yake. Mmoja akasema, kwa hiyo chupa ninayotupa ndiyo inayozima simu yangu. Tulirudi juu kwa miguu. Umeme haukuwepo.

Jumamosi, 2 Novemba

Boti yetu ni kesho, na tiketi za watu kumi na wawili hazijipangi zenyewe. Nilishuka bandarini alfajiri, nikasimama kwenye foleni, nikagombana kidogo, nikapata. Niliporudi Kadutu ilikuwa imepita saa mbili.

Walikuwa wameanza saa moja. Nilihesabu thelathini na wanne, bila sisi. Sufuria ya maharagwe juu ya mawe matatu, mvuke unapanda. Kijana mwenye kofia alikuwa chini kabisa mferejini, maji ya magoti, akimpasia mwenzake chupa kwa mkono wa nyuma bila kutazama. Mwenye choo alikuwa anampinga fundi kuhusu pembe ya ukuta, kwa sauti, na fundi alikuwa anamsikiliza. Walikuwa wamepanda nyasi za tembo juu ya ukingo, vipande vifupi vilivyokatwa kwa panga, vimechomekwa vikilala kidogo. Wenzangu walikuwa wamepewa kazi ya kubeba mawe madogo, kazi ya watoto, na hakuna aliyenung'unika.

Nilichukua beshi, yaani sepetu. Mama Daftari akakohoa.

"Yaya wa Goma. Umefika saa ngapi?"

Nikaeleza: bandari, foleni, tiketi za kundi zima, si kazi yangu binafsi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Mtu akichelewa ni franka 1000. Hata shefu alilipa mwezi wa nane."

Shefu, aliyekuwa karibu, alitikisa kichwa kuthibitisha. Watu wakacheka. Nikatoa noti.

Lakini Mama Daftari hakuandika yeye. Mikono yake ilikuwa kwenye sufuria, akaligeuza daftari kichwa chini, upande wa salongo, akampa muuza sambaza kalamu. Yule mama alipiga magoti, akaliweka daftari juu ya mfuko uliolala, akapangusa ukurasa kwa kiganja. Aliniuliza jina, nikamtajia silabi kwa silabi, akaandika zile alizozijua na kuacha nafasi kwa zingine. Akaandika 1000. Akafikiri kidogo, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kisha mbele ya 1000 akaandika, kwa herufi za kupanda na kushuka, reçu, na mkia mrefu uliovuka mstari.

Akaipuliza wino, akanionyesha kwa kidole mahali beshi nyepesi zilipobaki.